Chungwa na Kuku wa Mama Mkwe

Lukenya, Machakos
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hata kabla hujaitikia marahaba umeshaipekua karatasi hii yote ukitafuta neno "narudi". Usilitafute kwanza, Mama. Keti, nyoosha lile goti, mwambie ndugu yangu Mhina akuwekee maji ya chai, kisha soma taratibu. Mimi mzima, mjukuu wako Mwende mzima, na mkweo Mutua ndiye huyo amekuletea barua kwa mkono wake, na lori lake nadhani liko hapo njiani limewazibia watu. Ninyi je? Goti linaendeleaje tangu mvua zianze? Machungwa yameshika, au upepo umeangusha maua tena? Na Mhina, bado analaza pikipiki chumbani na yeye analala sebuleni?

Jumatano nilikupigia simu nalia. Nikakwambia, "Mama, wakimtoa huyu na mimi natoka, namchukua mwanangu narudi Muheza." Ukauliza wakimtoa nani. Nikasema mbwa. Ukasema, "Salome, unalilia mbwa?" Na papo hapo salio likaisha. Sikuweza kwenda dukani kukopa salio ili nije nimalizie kulia. Halafu wewe mwenyewe husema simu ni ya kuambiana nani kafa na nani anaumwa, mazungumzo ni ya barua. Haya basi, mazungumzo ndiyo haya.

Aliyeanza yote ni huyo Mutua anayekunywa chai yako. Wakati wa mvua zile zilizopita alikuta gari la tajiri mmoja wa ranchi limezama kwenye matope, akalivuta kwa lori lake. Yule tajiri alikuwa anahama, anakwenda kukaa ghorofani Nairobi, na mbwa wake hakuwa na pa kwenda. Basi badala ya asante ya kawaida akampa Mutua mbwa. Mutua akaja naye kwenye lori, ameketi kiti cha mbele ametoa kichwa dirishani, utasema yeye ndiye utingo. Mutua akashuka anajipiga kifua: "Mama Mwende, nimekuletea soja. Hii ni pointa, mbwa ya kuwinda, si hizi za kuokota. Nikiwa safari mtalala bila wasiwasi."

Mama, unanijua mimi na mbwa. Kwetu mbwa alikuwa wa nje, na sisi tulikuwa wa ndani, na kila mtu aliheshimu mpaka. Nikasimama mlangoni na ufagio. Yule mbwa akaja, akanusa ule ufagio kwa adabu, kisha akaniegemea. Wallahi si kunirukia, kuniegemea! Akaweka uzito wake wote kwenye goti langu akashusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. Ni mweupe, ana mabaka ya rangi ya chungwa lililoiva, masikio marefu laini, kiuno chembamba, na macho ya kuomba radhi hata kabla hajakosa. Mwende akasema, "Mama, ana rangi ya machungwa ya kwa bibi Muheza." Kule ranchi alikuwa na jina la Kizungu ambalo Mutua alilisahau njiani. Sisi tukamwita Chungwa.

Sasa huyo soja. Wiki ya kwanza walikuja wazee wa kanisa kumjulia hali mama mkwe, nikasema leo tutaaibika, atawang'ata. Chungwa akawapokea langoni akiwa na kandambili ya Mwende mdomoni, akampa mzee wa kwanza, akarudi kuleta ya pili. Habweki, Mama. Akija mtu usiku, anaamka, anajinyoosha, anakwenda kumsalimu. Mwizi akija kwetu atapewa na viatu.

Mama mkwe alimtazama siku ile kwa muda mrefu. Lazima nikueleze kidogo habari za mama mkwe, maana kwenye simu huwa nasema "hajambo" basi. Sote tunamwita Mwaitu, ambalo kwa Kikamba ni mama. Jina lake hasa ni Mwende, na ndilo alilopewa mwanangu, kwa sababu huku binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, hakuna mjadala. Mwaitu hajawahi kunitukana, Mama, nisimsingizie. Hajawahi kuninyima chakula wala kunisema kwa majirani. Ila haniulizi kitu. Mutua akiwa safarini, boma lote ni lake: nini kipandwe, mbaazi zivunwe lini, chungu gani kipikiwe. Akiamua kuuza mbuzi, mimi najua nikisikia mbuzi analia kwenye pikapu. Miaka mitano nimekaa kama mgeni aliyekaribishwa vizuri mno. Unalishwa, unaombewa, huulizwi. Na hilo, Mama, sikuwahi kukwambia, kwa kuwa nikilisema kwa maneno linaonekana dogo.

Basi Mwaitu akamtazama Chungwa, akamtazama Mutua, akasema, na ngiti kwao ni mbwa: "Mutua, hii ngiti haibweki. Sasa kazi yake ni gani? Kukula?"

Kukula anakula, hilo sikatai. Muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa yanayopikwa na maharage, anaweza kumaliza sufuria akaja kukutazama kama vile hajaona chakula tangu azaliwe. Na analala kwenye kochi. Nilimtoa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu nikamsogeza tu ili na mimi nipate pa kukaa. Kuna machimbo ya mawe ng'ambo ya mlima, na wakilipua baruti mchana madirisha yanatetemeka. Huyo mbwa wa kuwinda, mbwa wa bei, anakuja mbio kuficha kichwa chini ya leso yangu, mwili wote umebaki nje. Mimi namwambia, "Pole, baba, wamemaliza." Namwita baba! Ungeniona ungenicheka mpaka ukae chini.

Lakini ngoja nikwambie lililotutia wazimu. Tulipoanza kumtoa kutembea kule nyuma ya boma, kwenye majani marefu ya mteremkoni, Chungwa alikuwa anakimbia kulia, anarudi kushoto, anakimbia kulia, pua juu. Halafu ghafla anaganda. Anasimama kama amepigwa msumari ardhini, mguu mmoja wa mbele ameukunja juu, mkia umenyooka, macho mbele, hatikisiki. Unamwita, hasikii. Unamvuta, hasogei. Anatetemeka kidogo tu kwenye mapaja.

Nikasema mwiba. Nikaukamata ule mguu nikaupekua ukucha kwa ukucha, hakuna mwiba. Kesho yake akafanya tena, na mguu wa pili. Jirani yetu Mama Kioko, yule mwenye sauti ya kuita watu mpaka barabarani, akaja akasema: "Aiya! Hii iko na kifafa. Mjomba yangu alikuwa anasimama hivyo hivyo." Mwaitu akasema si kifafa, ni baridi ya mifupa. Akaleta mafuta ya mbuzi yaliyoyeyushwa, akamkanda mguu, na mbwa akaona hiyo ni zawadi, akayalamba yote. Siku iliyofuata alisimama kwa muda mrefu zaidi, na Mwaitu akasema mnaona, mafuta yameanza kumwingia.

Mwishowe nikampeleka kwa agroveti, duka la dawa za mifugo, mjini. Nimembeba kwenye bodaboda katikati yangu na dereva, watu wanapunga mikono. Kijana wa agroveti akamshika mguu, akaukunja, akaukunjua, akamwambia atembee. Chungwa akatembea, akaruka, akazunguka duka, akaiba pakiti ya chumvi ya ng'ombe. "Mama," akaniambia yule kijana, "huyu mgonjwa yuko wapi?" Akampa dawa ya minyoo ili nisirudi bure. Jioni yake, tumefika tu mteremkoni, mguu juu.

Aliyetufungua macho ni Mwende. Aliketi pale kwenye jiwe anamtazama, akasema, "Mama, haumwi. Anaangalia ndege." Nikamwambia ndege gani, mbona sioni ndege. Akasema, "Ngoja uone, wako kila mara." Akaokota donge la udongo akalirusha kule pua ya Chungwa ilikoelekea. Mama! Kwale wanne waliruka kwa kishindo kutoka kwenye majani, hatua chache tu kutoka miguuni petu, mimi nikaanguka nyuma na leso yangu. Chungwa akashusha mguu. Akatutazama mmoja mmoja, akatikisa mkia, kama kusema, mmeelewa lini nyinyi watu?

Kumbe maskini alikuwa kazini muda wote! Ndivyo walivyoumbwa, pointa: haui, habweki, hakimbilii. Ananusa ndege aliyejificha, anasimama kukuonyesha, na hatoki pale mpaka uje uone mwenyewe. Na sisi tunamkanda mafuta ya mbuzi. Nikampigia Mutua alikokuwa, Voi, nikamweleza. Akacheka: "Si nilikuambia ni pointa?" Nikamwambia, "Uliniambia ni soja!" Akasema, "Basi ni soja ya ndege." Huyo ndiye mkweo.

Kuanzia hapo, Mama, nilipata raha ambayo sikuwa nayo tangu nije nchi hii. Kila jioni kazi zikiisha, mimi na Mwende na Chungwa tunapanda mteremko. Huku kuwinda ni marufuku, na sisi hatuna haja ya nyama ya kwale, tunakwenda kuona tu. Anatuonyesha kwale, anatuonyesha kanga wenye vitoto, siku moja alitusimamishia sungura akaonekana kujionea haya, kama amekosea. Watoto wa jirani wakaanza kufuata, kisha mama zao. Wanawake ambao walikuwa wananijua kwa "huyo Mtanzania wa kuongea vizuri" wakawa wananiita langoni, "Mama Mwende, leo tunaenda?" Nimewajua watu wengi kwa miezi hii kuliko miaka yote mitano. Nimejifunza hata Kikamba cha kuombea chumvi. Mwaitu hakuja hata siku moja. Akasema mtu mzima hapandi mlima kuangalia nguku ya msituni wakati ya kwake iko nyumbani.

Na ndiyo iliyoleta balaa, nguku ya nyumbani. Yaani kuku.

Mwaitu ana kuku mwekundu mwenye kishungi, mama wa nusu ya kuku wote unaowaona hapa. Huyo kuku hauzwi, hachinjwi, hatishwi. Akipita mlangoni tunampisha. Mwezi uliopita akapotea. Jioni kuku walihesabiwa, yeye hayupo. Tukatafuta jikoni, ghalani, chini ya kitanda cha Mwaitu ambako huwa anataga akinuna. Hakuna. Asubuhi Mwaitu akakuta manyoya mekundu matatu kwenye gunia analolalia Chungwa barazani. Na Chungwa ameketi pembeni ya yale manyoya na macho yake yale ya kuomba radhi.

Nilijitetea, Mama, nilimtetea. Nikasema Mwaitu, hakuna damu, hakuna mfupa, huyu haui, huyu huonyesha tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio mbaya: "Mtoto, mbwa ni mbwa. Ikionja nguku moja, itamaliza zote." Akamfunga kamba kwenye nguzo ya ghala yeye mwenyewe. Siku hiyo hiyo akampelekea ujumbe Kilonzo, msimamizi wa ranchi moja ng'ambo ya mlima. Kilonzo alikuwa amemsumbua siku nyingi akitafuta mbwa mkubwa wa kufunga mnyororo kwenye zizi la ng'ombe. Akajibu kwamba yuko na kazi ya kuchanja mifugo, atakuja akimaliza.

Mnyororo, Mama. Yule kiumbe anayekimbia kulia na kushoto mpaka unasikia raha kumtazama, afungwe mnyororo zizini usiku na mchana, na atakuwa anapigwa kwa kuwa habweki. Mutua nilimpigia, akasema, "Wacha nikirudi nitaongea na yeye," na wewe unajua mwanamume akisema ataongea na mama yake. Kwa hiyo wiki karibu tatu Chungwa alikuwa kwenye nguzo. Nilikuwa natoka naye asubuhi kwa kamba, mpaka barabarani na kurudi, kwa kuwa Mwaitu hakutaka apite upande wa kuku. Mwende akaacha kula vizuri. Anaketi na mbwa chini ya ghala anamwonyesha picha za kitabu chake cha chekechea. Jumatano Kilonzo akatuma neno kwamba Jumamosi anakuja. Ndipo nilipokupigia.

Sasa najua ulichokuwa unajiuliza baada ya simu kukatika: mtu mzima anaachaje nyumba yake kwa ajili ya mbwa? Si mbwa peke yake, Mama. Ni kwamba hicho ndicho kitu kimoja kilichokuwa changu hapa, na kimeamuliwa bila mimi kuulizwa, kama mbuzi. Nilisema moyoni, akitoka Chungwa langoni na mimi nikanyamaza, nitanyamaza mpaka nizeeke.

Jumamosi, yaani jana, pikapu ikaja asubuhi, hata chai haijashuka. Kilonzo ni mtu mnene mcheshi, kofia kubwa, sina ubaya naye. Akasalimia, akanywa uji, akauliza, "Iko wapi hiyo mbwa?" Nikasema nitamfungua mwenyewe. Mwende akajifungia chumbani, nikamsikia analia kwenye mto. Masikio yangu yalikuwa kule chumbani, nikafungua mafundo yote, hata lile la shingoni. Chungwa akaona yuko huru.

Hakukimbilia langoni, Mama. Alizunguka ghala mara moja, pua juu, akapita jikoni, akashika ule upande wa kuku ambao alikuwa amekatazwa wiki zote hizo. Mwaitu akapiga kelele, "Shikeni hiyo ngiti! Nguku zangu!" Kilonzo akakimbia na kofia yake, Mama Kioko akaingia kwa lango kutaka kujua kuna nini, mimi nyuma. Kuku wakatawanyika wanapiga kelele, na Chungwa akapita katikati yao kama vile hawapo. Akafika kwenye ua wa mkonge unaozunguka boma, pale ulipoota ovyo ukafungamana na miiba. Akaganda. Mguu juu, mkia umenyooka.

Kilonzo akamvika kamba akavuta. Wapi! Akavuta tena, kofia ikaanguka. Akamgeukia Mwaitu, amekasirika: "Mama, mbona hukuniambia hii mbwa iko na shida ya mguu? Unanipatia mbwa ngonjwa?" Mwaitu akaona aibu, kwa kuwa yeye ni mtu wa heshima, hajawahi kumpa mtu kitu kibovu. Akanitazama mimi. Na mimi sauti ikanitoka ambayo sikujua ninayo. Nikasema, "Hana ugonjwa. Amewaambia kuna kitu mle ndani, na hatatoka hapo mpaka mtu aangalie. Mwaitu, angalia." Siyo "tafadhali Mwaitu", siyo "naomba". Angalia! Mama Kioko akajifunika mdomo kwa mkono.

Mwaitu alichukua panga lililokuwa limechomekwa kwenye ua, akakata jani la mkonge, akakata la pili, akainama taratibu na mgongo wake ule, akachungulia. Akakaa vile ameinama mpaka nikadhani mgongo umekamata. Kisha nikasikia anasema polepole, "Ngai wakwa. Ngai wakwa." Mungu wangu, Mungu wangu.

Yule kuku mwekundu alikuwa mle, amejikunja chini kabisa kwenye shimo la majani makavu, kifua kimenyonyoka kwa kulalia mayai, na chini ya mbawa zake vichwa vinachungulia. Vifaranga, Mama! Kumi na mmoja tuliwahesabu baadaye, wengine bado wabichi. Manyoya yale yalikuwa ya kwake mwenyewe, aliyanyonyoa kifuani akitengeneza kiota, na Chungwa aliyaokota kama anavyookota kandambili. Kuku alitutukana wote kwa Kikuku, Chungwa akashusha mguu, akaketi, akapiga miayo.

Mama Kioko ndiye aliyeanza. Alipiga kigelegele mpaka watu wakatoka barabarani wakidhani kuna posa. Mwende akaja mbio na macho mekundu, akamkumbatia mbwa shingoni, akaanza kulia upya, safari hii kwa kucheka. Mimi nilikaa chini kwenye udongo palepale, sikujali gauni.

Sasa sikiliza hapa. Kilonzo alikuwa amesimama ameshika kofia, anamtazama Chungwa kama mtu aliyeona fahali mnadani. Akamvuta Mwaitu kando, lakini yule bwana hajui kunong'ona, nilisikia kila neno. "Mama, hii sitafunga mnyororo. Hii nitakaa nayo kwa nyumba. Nitakuletea mtamba ya maziwa, ile ya Freshia, wiki ijayo. Mtamba kwa mbwa, mama, nani amewahi kukupatia hiyo?"

Unajua mtamba wa Freshia ni nini kwa Mwaitu, Mama? Amekuwa akiomba ng'ombe wa maziwa kila Jumapili tangu nilipoolewa, kwa sauti, kanisa zima linajua. Nilisema moyoni, basi imekwisha, hata malaika angekubali. Nikamshika Mwende mkono.

Mwaitu alipangusa panga kwenye leso yake, upande mmoja, kisha upande wa pili. Akasema, "Kilonzo, hiyo mtamba ni nzuri. Lakini mimi sina mbwa. Mwenyewe ndiye huyu ameketi chini. Muulize."

Kilonzo akageuka. Mama Kioko akageuka. Mama, boma zima lilinigeukia, likangoja niseme. Miaka mitano, na hii ndiyo mara ya kwanza nasikia kimya cha watu wanaosubiri jibu langu. Nikasimama, nikapangusa udongo, nikasema, "Haendi."

Mwaitu akamwambia Kilonzo, "Umesikia," akaenda kuwatafutia vifaranga maji.

Msalimie Mhina, mwambie aitoe pikipiki chumbani, dada yake ana mbwa asiyebweka na hajaibiwa kitu. Msalimie shangazi wa vitumbua pale stendi, na mama mlezi wa kwaya, na yule mzee wa kisimani anayewasomea watu barua zangu kwa sauti kubwa zaidi ya nilivyoziandika. Baba mdogo mpe shikamoo yake, na watoto wa dada yangu wote uwabusu vichwa. Mutua alirudi jana usiku mambo yamekwisha, na sasa anashuka huko na mzigo; mlishe, lakini usimwamini akisema yeye ndiye aliyemtetea mbwa.

Mwaitu anapepeta mbaazi hapa karibu nami. Ameniuliza, ndiyo, ameniuliza, mwaka huu tupande zipi kule chini, mbaazi au kunde. Nimemwambia anipe mpaka kesho nifikirie.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Salome